Jua la Singida Jikoni Mwako

Chupa ya mafuta ya alizeti uliyonunua, ikiwa imetoka Singida, ina jua ndani yake. Huu si utani. Jani la alizeti hupokea mwanga na, kwa maji na hewa ya ukaa, huugeuza kuwa nishati ya kemikali, ambayo mmea huiweka akiba katika mbegu. Gramu moja ya mafuta hayo huupa mwili kilokalori 9 hivi. Gramu ya sukari hutoa 4 tu. Mwili nao huigeuza tena, ikawa joto la damu na nguvu ya mguu unaokanyaga baiskeli kwenda kazini.

Hata upepo wa Singida, ambao wataalamu wameupima kwa ajili ya kuzalisha umeme, husukumwa na joto la jua.

Mkaa je? Nao ni jua, lililowekwa na mti kwa miaka mingi. Lakini hapa pana hasara kubwa. Katika tanuri la udongo, zaidi ya nusu ya nishati ya kuni hutoroka kabla gunia halijashonwa. Kisha, juu ya jiko la bati tupu, sehemu kubwa ya joto lililosalia hupasha hewa. Wanasayansi husema nishati haiangamii, nao wasema kweli. Ila joto lililokwenda ukutani haliivishi maharage, na wewe umekwisha kulilipia. Tafuta jiko lenye udongo ndani, funika sufuria, na maharage yaloweke tangu usiku.