Usiniulize Wapi Bahari Imetulia

Minada ya korosho ikishaanza na fedha zikaingia mifukoni, swali huanza kushuka kutoka bara: Lisekese kule Masasi, Newala, Tandahimba, Nanyumbu. "Mwalimu, tunakuja pwani kupiga mbizi. Wapi bahari imetulia?" Wanaouliza si wageni wa maji. Wana vyeti walivyovipata Unguja au Dar es Salaam kabla kazi haijawaleta kusini. Wanajua kusoma kipimo cha hewa, na wanajua kwa nini mtu hapandi juu kwa pupa. Lakini bado wanachagua mahali pa kuzamia kwa kusimama ufukweni na kuangalia kama maji yananyooka. Nimelijibu swali hili kwa upole vya kutosha. Leo nalijibu kwa urefu ili lisiulizwe tena.

Imani yenyewe ni hii: bahari iliyo shwari juu, chini pia ni shwari. Si kweli popote, na pwani ya Mtwara ni mahali pabaya sana pa kuiamini.

Tuanze na upepo. Viwimbi unavyoviona ukiwa ufukweni vinatengenezwa na upepo, si mkondo. Upepo ukivuma kuukabili mkondo, maji huinuka na kuchafuka, na hata asiyejua bahari ataona kuwa pana jambo. Upepo na mkondo vikienda upande mmoja, ule mchafuko mfupi mfupi unaokuonya hautokei. Sasa fikiria kusi. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi upepo unatoka kusini-mashariki, na mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Vinasafiri pamoja. Kwa hiyo katika miezi ambayo mkondo una nguvu kuliko yote, uso wa bahari ndio unaokuficha habari hiyo.

Mkondo huo si wa kubahatisha. Mkondo wa Ikweta wa Kusini unavuka Bahari ya Hindi ukitokea mashariki na kuifikia Afrika hapa hapa kwetu, kati ya Mtwara na Cabo Delgado, kisha unagawanyika. Tawi moja linashuka Msumbiji, jingine linapanda kuelekea Kilwa, Mafia na Unguja. Wakati wa kusi tawi hili la kaskazini huweza kuzidi mita moja kwa sekunde. Mpiga mbizi mwenye mtungi mgongoni, hata awe na miguu ya chuma, hawezi kudumu kwa zaidi ya nusu mita kwa sekunde. Ukitoka nje ya miamba siku hiyo, wewe ndiye unayekwenda mkondo unakotaka.

Hapo wengi hunijibu kwa ushindi: basi tutazamia ghubani, Mikindani au ndani ya Ghuba ya Mtwara, kumezibwa pande zote, maji hayatikisiki. Kweli hayatikisiki. Lakini pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Zidisha mita hizo tatu kwa eneo la ghuba nzima, halafu ujiulize maji yote hayo yanapitia wapi katika muda wa saa sita. Yanapitia mlangoni, na mlango ni mwembamba. Ni kama watu wa mnada mzima wanaotoka ghalani kwa mlango mmoja: aliye katikati ya ghala amesimama kwa raha, aliye mlangoni anabebwa. Kuzibwa kule kunakoleta utulivu ndani ndiko kunakoleta mbio mlangoni. Anayechagua ghuba kwa sababu imejificha amechagua pia mlango wake, na hajauangalia.

Tena kasi hiyo haiko sawa kwa saa zote. Saa ya kwanza baada ya maji kujaa, yanasogea polepole. Saa ya tatu na ya nne ndizo kali; takriban nusu ya maji yote hupita katika saa hizo mbili. Saa ya sita yanalegea. Mtu aliyezamia saa ya kwanza atakuapia kwamba Mikindani hakuna mkondo. Aliyezamia saa ya tatu atakuapia kwamba hapafai kabisa. Wote wawili wamezamia mahali pamoja, na ushauri wao wote wawili hauna maana bila saa na tarehe ya mwezi.

Baridi nayo haionekani juu. Uso wa bahari yetu hufika nyuzi 29 hivi mwezi Machi na kushuka hadi karibu 25 mwezi Agosti. Mtu wa Newala, aliyeizoea baridi ya Juni ya uwanda wa Makonde, anaziona nyuzi 25 kuwa si kitu. Kwenye hewa, si kitu. Maji hupokonya mwili joto kwa kasi inayozidi ile ya hewa zaidi ya mara 20, na nguo ya mpira inayokukinga hubanwa kadiri unavyoshuka: ukiwa mita 10 chini, vipovu vya gesi vilivyomo ndani yake vimebaki nusu ya ukubwa; mita 20, theluthi. Tena pwani hii ina maji ya kina kirefu jirani na nchi kavu. Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa, walinasa silikanti, samaki wa maji marefu na ya baridi, kwa nyavu zao za kawaida. Ruvula, kwenye rasi ya Msimbati, sakafu inadondoka karibu na ufuko. Mahali pa namna hiyo tabaka la baridi huweza kupanda mteremko pamoja na maji yanayojaa, ukakutana nalo ghafla huku juu jua linawaka na maji yananyooka.

Mkondo na baridi vikikukuta pamoja, vinakula hewa yako. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una lita 2,400. Kwa kina cha mita 20 kila pumzi inachukua hewa mara tatu ya ile ya juu. Anayepumua lita 20 kwa dakika akiwa juu ametulia ana dakika 40 tu kule chini, kabla hata ya kutenga akiba ya kupandia. Anayepambana na mkondo huku akitetemeka anapumua maradufu, naye amebakiwa na dakika 20. Hakuna hata dakika moja kati ya hizo inayoonekana ukiwa ufukweni.

Kwa hiyo swali ni "lini?", na "wapi?" linakuja nyuma yake. Na hapa watu wa Masasi wana elimu ambayo watu wa pwani hatuna. Mvua kubwa ikinyesha kwenu, siku chache baadaye tope lake limefika Lindi kwa Mto Lukuledi na kusini mwa Msimbati kwa Mto Ruvuma, na lile la Ruvuma mkondo unalisukuma kaskazini, kwenye miamba ileile mnayotaka kuiona. Mnajua hali ya maji yetu kabla yetu. Itumieni elimu hiyo badala ya kunipigia simu kuuliza kama bahari ni nyeupe.

Sasa machaguo. Msimu bora ni maleleji ya Oktoba na Novemba: kusi imelegea, mvua hazijashika, maji yanaonyesha mbali. Aliyelipwa korosho mapema aje mapema. Anayesubiri Januari atakuta tope. Siku bora ni za maji mafu, siku ya saba hadi ya tisa ya mwezi mwandamo, na ya ishirini na mbili hadi ya ishirini na nne. Saa bora ni maji yakisimama baada ya kujaa, kwa kuwa yaliyoingia ni ya bahari kuu na ni safi. Ingia nusu saa kabla. Kama hujapiga mbizi mwaka mzima, zamia Mikindani ndani ya ghuba, mbali na mlango. Kama una uzoefu, nenda Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye kilomita za mraba 650. Lipa ada yake, chukua boti yenye nahodha wa huko na isikuache. Mteremko wa Ruvula ni wa wenye boya la ishara, filimbi na nguo nene, pamoja na mwenzi anayekujua. Ukihisi maji yanakuvuta chini kando ya mwamba, usipambane nayo kwa kupanda wima: jitenge na mwamba kwa kuogelea kuelekea nje, kisha upande taratibu. Juni hadi Agosti usitoke nje ya miamba. Kabla ya kuingia, tazama mashua zilizotia nanga zimeelekeza wapi pua zao, na udondoshe kifuu uhesabu sekunde zake kwa mita kumi. Kikizimaliza chini ya sekunde ishirini, rudi nyumbani. Ona pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku tatu kabla, maana mawimbi marefu kutoka mbali hufika hata siku isiyo na upepo.

La mwisho nalo ni sehemu ya kuchagua mahali: utalala wapi? Newala mjini iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Shirika la Divers Alert Network linashauri saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kupanda ndege ambayo hewa ya ndani yake ni sawa na ya mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400. Newala imo katika kipimo hicho, na naitrojeni iliyo mwilini mwako haitofautishi ndege na basi. Masasi iko chini ya hapo, lakini usijaribu tofauti hiyo kwa maungio yako. Laleni Mtwara au Mikindani, mpande kesho yake mchana. Maungio yakianza kuuma, au miguu ikifa ganzi, msimeze dawa ya maumivu mkalala na msiwashe gari kuelekea juu. Mgonjwa apewe oksijeni, apelekwe hospitali hapo hapo Mtwara, na safari ya kwenda kwenye chumba cha mgandamizo ipangwe mara moja. Chumba hicho kipo Unguja, mamia ya kilomita kutoka hapa, kwa hiyo panga kana kwamba hakipo.