Newton ilitoweka, urithi wake umo ndani ya simu

Agosti 1993, kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa Newton MessagePad, kompyuta ya kiganjani isiyo na kibodi. Mtumiaji aliandika kwa kalamu maalumu juu ya kioo, nayo mashine ikajaribu kuusoma mwandiko wake. Ilikosea maneno mara nyingi, hata wachora katuni wa magazeti wakaifanyia mzaha.

Mwaka 1996 kampuni ya Palm ilileta Pilot, iliyouzwa dola 299. Mwanzilishi wake, Jeff Hawkins, aliona ni rahisi kumfundisha mtu kuliko kuifundisha mashine. Alibuni Graffiti, alfabeti ambayo karibu kila herufi huandikwa bila kuinua kalamu. A, kwa mfano, haina mstari wa katikati. Watu walijifunza haraka, na mashine haikubabaika.

Apple iliacha kutengeneza Newton Februari 1998. Hata hivyo, jitihada hizo hazikupotea bure. Kwa kuhitaji prosesa isiyomaliza betri haraka, mwaka 1990 Apple ilikuwa imeshirikiana na kampuni nyingine mbili kuanzisha ARM nchini Uingereza. Leo karibu simu zote za kisasa zinaendeshwa na prosesa za usanifu wa ARM.