Tangawizi ya Madaba, tumbo la Mjimwema

Tangawizi ikiuzwa kama kiungo cha chai, bei yake ni ya kiungo. Ukiisaga, ukachanganya na manjano na karafuu, ukaitia kwenye kopo na kuandika juu yake "dawa ya vidonda vya tumbo", bei inapanda mara kadhaa. Kwa anayetaka kuanza biashara ya tiba asili Mjimwema, au mtaa mwingine wowote wa Songea, faida yote imekaa kwenye maandishi hayo ya kopo. Je, yana mshiko?

Wateja hawakosekani. Inakadiriwa karibu nusu ya watu duniani wanaishi na Helicobacter pylori, bakteria anayejificha kwenye ute wa ukuta wa tumbo na ambaye ni chanzo kikubwa cha vidonda hivyo. Barry Marshall na Robin Warren ndio waliomwotesha maabara kwa mara ya kwanza, mjini Perth, Australia, mwaka 1982. Madaktari wenzao walipobisha kwamba bakteria anaweza kuleta vidonda, Marshall alikunywa bakteria hao mwaka 1984 na tumbo likamuwaka kweli. Nobel ilikuja 2005.

Kwenye kisahani cha maabara, mitishamba mingi inamdhibiti bakteria huyu: tangawizi, manjano, kitunguu saumu, mafuta ya karafuu na ya mdalasini. Muuza dawa anayesema "imethibitishwa kuua bakteria" hadanganyi, ila amekatiza habari katikati. Tumboni kuna asidi, chakula na ute, na kijiko cha unga kinazimuliwa kabla hakijamfikia mlengwa. Nchini Marekani watu 12 walijaribiwa, wakala vitunguu saumu na pilipili. Majibu yaliyotoka 1999 yalionyesha bakteria hakutikisika. Mkoani Shandong, China, utafiti ulioanza 1995 ulihusisha watu zaidi ya 3,000. Amoksilini na omeprazoli kwa wiki mbili tu zilipunguza mabadiliko ya ukuta wa tumbo yanayotangulia saratani. Vidonge vya kitunguu saumu vilivyotumiwa kwa zaidi ya miaka saba havikufua dafu katika majibu ya 2006.

Na jinsi ya kuandaa nayo ina lake. Kiini kikali cha kitunguu saumu, alisini, hakimo kwenye punje nzima; hutokea punje inapopondwa, na moto hukiharibu. Anayechemsha kitunguu saumu nusu saa na kukijaza kwenye chupa ya maji iliyooshwa anauza harufu zaidi kuliko dawa. Mteja naye akiona tumbo limetulia siku mbili, anaacha vidonge vya siku 14 alivyoandikiwa kituo cha afya. Hapo hasara si ya fedha peke yake, maana bakteria aliyepona nusu dozi hujifunza usugu.

Kisheria mambo yako wazi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa, na Mkemia Mkuu wa Serikali hupima usalama wa sampuli. Cheti cha mganga si cheti cha dawa yake, lakini vibandani, vyeti vyote viwili huzungumzwa kama kitu kimoja. Tena usalama si uponyaji: unga unaweza kutodhuru mtu na usitibu chochote. Kupima kama unatibu ni kazi ya watafiti, kama wale wa Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, na inakula fedha na miaka.

Kwa maoni yangu, mfanyabiashara mdogo wa Songea aachane na jina la ugonjwa, faida aitafute kwenye ukaushaji. Madaba, kwenye barabara ya Njombe, inalima tangawizi. Mbichi ni maji kwa takriban asilimia 80, kwa hiyo kilo tano hutoa kilo moja kavu hivi. Anayesafirisha mbichi kutoka Songea hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, analipia nauli ya maji. Shida ni msimu wa mvua: kuanzia Novemba hadi Aprili jua la mkoa huu wa Ruvuma halitabiriki, na vipande vinavyoanikwa chini huota ukungu na kubeba mchanga. Kikaushio cha jua chenye paa la nailoni kinaweza kujengwa na kikundi, na mashine ya kusaga ikafuata. Mnunuzi wa kiwanda cha viungo hana habari na vidonda vya tumbo. Atauliza unyevu, ambao kwa tangawizi kavu hautakiwi kuzidi asilimia 12, kisha atatia mkono ndani ya gunia hadi chini kutafuta vipande vyenye ukungu.