Makaa ya mawe yakiisha, nani hubaki na maji machafu?

HATA kama hujui Kizulu, jina eMalahleni halikupigi chenga: ni mahali penye makaa. Mji huo wa mkoa wa Mpumalanga, Afrika Kusini, zamani ukiitwa Witbank, umezungukwa na migodi ya makaa ya mawe iliyoanza zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Tusidanganyane, kazi zilipatikana. Migodi hiyo ndiyo huwasha stima nyingi ya nchi hiyo. Lakini mwamba unaochimbwa pamoja na makaa una madini ya chuma na salfa. Yakikutana na hewa na maji, hutengeneza asidi. Kampuni inaweza kufunga mgodi na kwenda zake. Asidi huendelea kutiririka miaka na mikaka.

Waulize watu wa Carolina, mji mwingine wa mkoa huo huo. Mapema 2012, maji ya asidi kutoka migodini yaliingia kwenye bwawa lao, na maji ya mfereji yakawa hayanyweki. Miezi ilipita. Julai mwaka huo, mahakama ililazimika kuamuru wapelekewe maji safi ndani ya saa 72.

Hewa nayo? Machi 2022, mahakama kuu jijini Pretoria iliamua kwamba uchafu wa hewa katika eneo hilo la migodi na mitambo ya umeme unakiuka haki za wakazi.

Kusema pia kuna gharama. Fikile Ntshangase, mama aliyepinga kupanuliwa kwa mgodi wa makaa kule Somkhele, KwaZulu-Natal, alipigwa risasi nyumbani kwake Oktoba 2020, akafa.

Sasa rudi nyumbani. Bonde la Mui, kaunti ya Kitui, lina makaa ya mawe, na mwaka 2013 serikali iliipa kampuni ya China kandarasi ya kuyachimba. Lamu nako kulipangwa mtambo wa megawati 1,050, ambao ungeanza kwa makaa ya kuagizwa kutoka nje. Wakazi walikataa, wakaenda kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu moja kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hapo ndipo pana somo kwako kijana. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, lakini haki hiyo haijitetei yenyewe. Mradi ukiletwa kwenu, usiende barazani kuuliza nafasi za kazi tu. Uliza maji yatatoka wapi, na yatarudi mtoni yakiwa vipi. Uliza fidia ya shamba italipwa lini, kabla ya kuhama au baadaye. Uliza nani atafukia mashimo, na pesa za kazi hiyo zimewekwa wapi.

Wakishindwa kujibu kabla tingatinga halijafika, baadaye hutawapata.