Nyaatha, mwalimu mtawa aliyewafuata wanafunzi hadi vijijini

WAKAZI wa Gikondi, eneo la Mukurwe-ini, Nyeri, walimpa jina ambalo hakupewa na wazazi wake wala na shirika lake la kitawa. Walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma.

Mwanamke huyo, Sista Irene Stefani, alikuwa Mwitaliano. Aliishi Gikondi kwa miaka 10 pekee, kuanzia 1920 hadi 1930, akifundisha shuleni asubuhi na kuzuru vijiji baada ya masomo. Alipofariki Oktoba 31, 1930, alikuwa na umri wa miaka 39.

Karibu miaka 85 baadaye, Mei 23, 2015, umati mkubwa wa waumini ulifurika mjini Nyeri kushuhudia akitangazwa Mwenye Heri, hatua moja kabla ya mtu kuitwa mtakatifu katika Kanisa Katoliki. Ibada hiyo, iliyoongozwa na Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam kwa niaba ya Papa Francis, ilikuwa ya kwanza ya aina yake kufanyika katika ardhi ya Kenya.

Maisha yake yanatoa jawabu kwa swali ambalo wazazi wengi waliosomesha watoto wao katika shule za masista hujiuliza. Ni nini humfanya mtawa awe mwalimu, na kazi yake hutofautianaje na ya mwalimu mwingine yeyote anayeshika chaki?

Nadhiri tatu

Mtawa wa Kikatoliki huweka nadhiri tatu: ufukara, useja na utii. Kwa nadhiri ya kwanza huacha kumiliki mali yake binafsi. Kwa ya pili huacha ndoa. Na kwa ya tatu hukubali kutumwa popote shirika lake litakapomhitaji.

Hatua hii haichukuliwi kwa pupa. Kwa mujibu wa Sheria za Kanisa za mwaka 1983, anayetaka utawa hupitia kwanza unovisi usiopungua miezi 12, muda wa kusali na kujipima. Kisha huweka nadhiri za muda kwa kipindi kisichopungua miaka mitatu, ndipo aweze kuruhusiwa kuweka nadhiri za daima. Wakati wa unovisi, au nadhiri za muda zinapokwisha, yuko huru kurudi nyumbani, na wapo wanaorudi.

Machoni pa wengi, nadhiri ni orodha ya mambo ambayo mtawa amejinyima. Hata hivyo, kwa mtawa mwalimu nadhiri hizo humpa nafasi. Asiyekuwa na mume wala watoto wa kumngoja jioni ana saa za kumtafuta mwanafunzi aliyekosa kufika darasani. Vivyo hivyo, asiyejilimbikizia mali hasumbuliwi sana na swali la shule ipi inalipa vizuri.

Hata leo, mtawa wa Kenya aliyeajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu hulipwa mshahara kama wenzake, lakini fedha hizo huingia katika mfuko wa pamoja wa shirika lake. Humo ndimo hutoka chakula cha jamii yake, matunzo ya masista wazee na karo ya masista chipukizi.

Zamani ilikuwa marufuku

Wengi hudhani kwamba masista wamekuwa wakifundisha tangu jadi. Ukweli ni kuwa, kwa karne kadhaa, Kanisa lilitarajia mtawa wa kike aishi ndani ya kuta za monasteri asitoke.

Mwingereza Mary Ward alianzisha mwaka 1609 jumuiya ya wanawake waliotaka kufundisha wasichana bila kufungiwa ndani. Wakuu wa Kanisa hawakupendezwa, na mwaka 1631 jumuiya yake ilivunjwa kwa amri ya Papa. Kanisa lilimtambua rasmi kuwa mwanzilishi mwaka 1909, zaidi ya miaka 260 baada ya kifo chake.

Masista wa Loreto, ambao ni wa ukoo huo wa Mary Ward, waliwasili Kenya mwaka 1921. Kufikia wakati huo, masista wa Consolata walikuwa tayari katika nyanda za Mlima Kenya, na miongoni mwao alikuwa Irene.

Kutoka Anfo hadi Mombasa

Irene alizaliwa Agosti 22, 1891, katika kijiji cha Anfo, mkoani Brescia, kaskazini mwa Italia. Nyumbani aliitwa Mercede. Mwaka 1911 alijiunga na shirika changa la Masista Wamisionari wa Consolata, lililokuwa limeanzishwa mjini Turin mwaka uliotangulia na Padri Giuseppe Allamano, ambaye alitangazwa mtakatifu Oktoba 20, 2024.

Aliweka nadhiri zake Januari 1914 na kupewa jina la Irene, ambalo asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya amani. Mwishoni mwa mwaka huo alipanda meli kuja Afrika, ilhali amani yenyewe ilikuwa imetoweka duniani. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimeanza.

Kwa sababu hiyo, darasa lake la kwanza halikuwa na madawati. Alitumwa kuwahudumia wapagazi wa Kiafrika katika hospitali za kijeshi, kwanza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Waingereza walikiita kikosi cha wapagazi hao Carrier Corps, jina lililobaki midomoni mwa watu hadi leo kama Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Irene aliwaosha vidonda, akawalisha, na kukaa na waliokuwa wakikata roho. Huko ndiko alikojifunza kumwita kila mgonjwa kwa jina mahali ambapo jeshi lilimhesabu kwa nambari.

Darasa lisilo na kuta

Alipohamishiwa Gikondi mwaka 1920, alikuta shule iliyohitaji kwanza kuwapata wanafunzi kabla ya kuwafundisha. Wazazi wengi hawakuona faida ya mtoto kukaa darasani, hasa msichana, ilhali kulikuwa na mbuzi wa kuchungwa, maji ya kuteka na wadogo wa kubebwa.

Hivyo basi, masomo yalipokwisha Irene hakupumzika. Alipanda na kushuka vilima vya Gikondi akiwa amevaa viatu vyake vizito, akienda boma baada ya boma. Aliwasihi wazazi, akawatazama wagonjwa, akawasaidia akina mama waliojifungua. Alifanya hayo yote kwa Gikuyu, lugha ambayo alijibidiisha kuijifunza.

Ziara hizo zilimjulisha mambo ambayo ubao haungeweza kumwambia. Mwalimu anayejua kuwa nyumbani kwa mtoto kuna mgonjwa huelewa upesi kwa nini mtoto huyo anasinzia darasani. Na mzazi aliyetembelewa alipouguliwa hamwogopi tena mgeni huyo anapomwomba amwachilie binti yake aende shule.

Aidha, kulikuwa na kazi ya barua. Miaka ya 1920 ilikuwa ya kodi ya nyumba na ya kipande, cheti ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba. Vijana wengi waliondoka kwao kutafuta kibarua katika mashamba ya walowezi na mijini. Irene aliwaandikia wanafunzi wake wa zamani huko walikokwenda. Kadhalika, aliwaandikia barua wazazi wasiojua kusoma na kuwasomea majibu yalipofika.

Katika enzi ambapo serikali ilimtambua kijana kwa kipande chake, kulikuwa na mwalimu mmoja aliyetaka kujua amelala wapi na kama amekula.

Kifo chake

Mwaka 1930, tauni ilibisha hodi Gikondi. Ugonjwa huo, ambao huenezwa hasa na viroboto wa panya, ulimpata mmoja wa walimu wa shule. Masimulizi yaliyohifadhiwa kumhusu Irene yanadokeza kwamba uhusiano wa wawili hao kazini haukuwa laini. Hata hivyo, Irene alikwenda kumuuguza, akijua fika kwamba maradhi hayo huambukiza.

Mwalimu huyo alifariki. Haukupita muda mrefu kabla ya Irene naye kushikwa na homa, na Oktoba 31 akaaga dunia. Mabaki yake yalihifadhiwa Mathari, Nyeri, kwa miaka mingi kabla ya kuhamishiwa Kanisa Kuu la Consolata mjini humo mwaka 2015.

Tukio ambalo Kanisa lilikubali kuwa muujiza wake lilitokea mbali na Kenya. Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Msumbiji, zaidi ya watu 200 walijificha ndani ya kanisa la Nipepe, mkoani Niassa. Walimwomba Sista Irene awasaidie, na inaaminiwa kuwa maji machache yaliyokuwa katika kisima cha ubatizo yaliwatosha kwa siku kadhaa.

Urithi wenye pande mbili

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kila mtawa mwalimu alikuwa Nyaatha. Hayati Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, alisomea shule ya bweni ya St Cecilia iliyokuwa papo hapo Mathari chini ya masista wa Consolata, kabla ya kujiunga na Loreto Limuru mwaka 1956.

Katika tawasifu yake ya mwaka 2006, Maathai aliwasifu masista hao kwa kujitolea kwao na kwa namna walivyowajali wasichana waliokuwa mbali na nyumbani. Papo hapo, alieleza jinsi wanafunzi walivyopigwa marufuku kuzungumza lugha ya mama, na jinsi aliyekiuka alivyovishwa beji ya kumwaibisha. Aliona kwamba adhabu hiyo iliwafunza watoto kudharau kilicho chao.

Hapo ndipo penye mizani ya wito huu. Nadhiri zinaweza kumfikisha mtawa mlangoni mwa shule, lakini haziwezi peke yake kumfikisha katika moyo wa mwanafunzi. Irene alifika huko kwa lugha ya wenyeji na kwa miguu yake. Mwingine angeweza kufundisha miaka 30 katika shule hiyo hiyo asivuke lango lake.

Mambo yamebadilika tangu wakati huo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliweka usimamizi wa shule za misheni mikononi mwa serikali, na makanisa yakabaki kuwa wadhamini. Nafasi ya masista kutoka Ulaya nayo imechukuliwa na Waafrika. Shirika la Masista wa Maria Imakulata wa Nyeri, lililoanzishwa mwaka 1918 kwa ajili ya wasichana wa humu nchini, lingali linahudumu hadi leo.

Mtawa mwalimu wa leo hufuata mtaala ule ule, hukaguliwa na maafisa wale wale na huhangaikia matokeo ya mtihani kama walimu wenzake. Tofauti yake, ikiwa ipo, haitaonekana katika sare yake. Itaonekana kengele ya mwisho ikishalia, na mwanafunzi fulani awe hajaonekana shuleni kwa siku tatu.

Watu wa Gikondi walilijua hilo mapema. Walimu walikuwa wamewaona wengi, na watawa pia. Lakini jina la Nyaatha walimpa yule aliyekuja kuwatafuta.