Virusi "Havionekani": Kweli na Uongo wa Jibu la Damu

Jibu la kipimo cha wingi wa virusi vya sida ni namba moja tu kwenye karatasi. Ila namba hiyo ikishatoka kituo cha afya, iwe Baraka mjini au huko milimani Fizi, mashariki mwa Kongo, huzaa maneno mengi. Tuyapime.

"Havionekani, basi nimepona."
Uongo. Mashine nyingi za hospitali husoma mpaka nakala 40 au 50 za virusi katika mililita moja ya damu. Chini ya hapo hazioni kitu. Vipimo vya watafiti, vyenye uwezo wa kuona hata nakala moja, vimevikuta virusi vichache kwa watu waliomeza dawa vizuri miaka 7 mfululizo. Vingine vimelala ndani ya chembe nyeupe za damu, ambako dawa haziviui. Acha dawa, na kwa walio wengi vitarudi ndani ya wiki chache. Na kipimo cha haraka, kile cha kuchoma kidole? Hicho hutafuta kingamwili, si virusi, kwa hiyo kikionyesha bado una maambukizi usishtuke.

"Mara iliyopita havikuonekana, leo ni 180. Dawa imeshindwa."
Uongo, karibu kila mara. Kwenye namba ndogo, damu ileile ikipimwa mara mbili inaweza kutoa 60 kisha 150. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema hivi: ukiwa kati ya 50 na 1000, zungumza na mgonjwa jinsi anavyomeza dawa, kisha rudia kipimo baada ya miezi 3. Anayetumia dolutegravir habadilishiwi dawa kwa namba kama hiyo. Wa dawa za zamani kama efavirenz anaweza kufikiriwa kubadilishiwa. Na huku kwetu, kabla ya kulaumu dawa au mgonjwa, uliza alilala wapi mwezi uliopita. Risasi zikilia kijijini mtu hubeba watoto, si kopo la vidonge.

"Damu ya kwenye karatasi inadanganya."
Nusu kweli, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Damu ya tyubu inatakiwa itenganishwe ndani ya saa 24, maji yake yatunzwe kwenye baridi. Nani atafanya hivyo kutoka Lulimba, hukohuko Fizi, mvua ikiwa imeshakata barabara? Ndiyo maana ikabuniwa karatasi nene yenye duara tano: muuguzi anachoma kidole, anadondosha tone katika kila duara, anaianika kivulini usiku kucha, kisha anaifunga katika mfuko pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu. Inasafiri bila barafu.

Lakini tone ni dogo, hivyo virusi vichache havionekani humo. Tena limebeba chembe nzima za damu, na chembe zinaweza kuwa na vinasaba vya virusi vilivyolala. Mashine ikivihesabu, namba inapanda bila sababu. Kwa hiyo mpaka wa karatasi ni 1000. Chini ya hapo ni habari njema, ingawa haina maana sawa na "havionekani".

"Mashine ya kifua kikuu haiwezi kupima virusi."
Uongo. Mashine hiyo, GeneXpert, ni ileile, kinachobadilika ni katriji, na jibu hutoka kwa takriban saa moja na nusu. Umeme ukiwepo, bila shaka.

"Mwenye virusi visivyoonekana hamwambukizi mwenzake kitandani."
Kweli, japo ndilo watu wanalolikataa zaidi. Utafiti wa PARTNER huko Ulaya, uliochapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia wapenzi wanaume jozi 782 ambao mmoja wao ana virusi vilivyo chini ya 200. Walikutana bila kondomu zaidi ya mara 76,000. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake huyo. Kunyonyesha ni habari nyingine: hatari hushuka sana, ila haijatangazwa kuwa sifuri. Mama aendelee na dawa zake, mtoto apewe za kwake.

Siku ya jibu lako, muulize muuguzi mambo mawili: namba ni ngapi, na damu ilikuwa ya karatasi au ya tyubu? 400 ya karatasi na 400 ya tyubu si jibu moja.