Kimya cha Mtoto Kisipuuzwe

Ni jambo la kusikitisha, na wazazi wengi wa Unguja na Pemba wanalifahamu. Mtoto ametimiza miezi 9, lakini akiitwa jina lake hageuki, na mlango ukibamizwa hashtuki. Mama huingiwa na wasiwasi, akauliza. Jirani mmoja humwambia kuwa watoto wa kiume huchelewa kusema. Wa pili humtaka asubiri. Wa tatu humtupia lawama yeye mwenyewe. Miaka 2 hupita, na mama yu peke yake na hofu yake.

Hapana budi tuseme wazi: kuchelewa huko si kosa la mama, wala si aibu ya ukoo. Pengine mtoto hasikii vizuri kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo, surua, manjano kali aliyoipata baada ya kuzaliwa, au masikio yanayotoka usaha. Pengine anasikia vyema, ila anahitaji msaada wa namna nyingine. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa karibu asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuepukwa. Na wahenga walikwisha tuusia: udongo uwahi ungali maji. Lugha hujengeka kwa wepesi zaidi katika miaka ya mwanzo. Kila mwezi unaopotea ni hasara kwa mtoto.

Pa kuanzia tunapo. Watoto wetu hupelekwa kliniki kuchanjwa surua wakiwa na miezi 9, na tena wakiwa na miezi 18. Siku hizo mhudumu asiishie kwenye sindano na mizani, bali aulize. Mtoto hugeuka akiitwa? Hutoa sauti za ba-ba na da-da? Akiwa na miezi 18, huonyesha vitu kwa kidole na kutamka neno lolote? Jibu likiwa hapana, mtoto apimwe masikio, wala mzazi asirudishwe nyumbani kwa kuambiwa asubiri.

Aidha, mzazi afunzwe. Anapomwogesha au kumlisha mwanawe amtazame usoni, ataje kila kitu kwa jina lake, kisha anyamaze kidogo ampe nafasi ya kujibu, hata kama jibu ni mguno tu au ishara ya mkono. Ishara haimzuii mtoto kusema. Baba na bibi nao washike zamu, kwani mzigo huu si wa mama peke yake.

Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Haki hizo hazingoji mtoto aanze shule; huanza angali mkekani. Ni wajibu wa viongozi wa afya na masheha kuhakikisha kuwa mama wa Tumbatu au Micheweni hakosi kipimo kwa kukosa nauli. Mtoto asiyeweza kusema hawezi kudai haki yake. Sisi tunaosema tumdaie.